Gari Lisilosimama kwa Senge

Juzi nilipeleka gari langu kwa fundi kwa sababu ya kelele ndogo, na nilipokuwa nimeketi juu ya kreti la soda nikingoja, yeye alimwagia petroli kipande cha chuma kilichojaa masizi. Harufu ilinipanda puani kabla sijajua inatoka wapi. Si petroli peke yake. Ya kwenye kituo cha mafuta hainifanyi lolote. Ni petroli iliyochanganyika na masizi mazito, kitu kitamu na kichungu kwa pamoja, kama moshi uliolowa maji. Fundi aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka shangazi yangu. Alinitazama, akakitazama kile chuma, kisha akaamua kuendelea na kazi yake.

Shangazi huyo tulimwita Senge, kama Wabukusu wanavyomwita dada wa baba. Nyumba yake ilikuwa kando kabisa ya barabara, ukishaiacha Kimilili ukielekea Chwele, nyuma ya ua mnene wa kayaba. Alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, na nusu ya watoto wa shule za pale walivaa sare zilizotoka mikononi mwake. Sisi tuliishi Kitale. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, ofisi ya maji. Mama alikuwa Mkikuyu, mzaliwa wa mashamba ya Kitale, mwalimu, na kwa sababu yake nyumbani tulizungumza Kiswahili. Kila shule zilipofungwa tulifunga safari kwenda kwa Kuka, babu yangu, mbele ya Chwele upande wa Bungoma. Kwa hivyo kila safari ilipita langoni kwa Senge.

Nasema ilipita, kwa sababu siku hizo hatukusimama.

Gari letu lilikuwa dogo, la Kijapani, rangi ya maziwa yaliyochacha, na lilikuwa limezeeka kabla hata halijatufikia. Tukikaribia kwa Senge, Baba alipunguza mwendo, akashusha kioo na kuanza kupiga honi tangu mbali. Senge alitoka mbio, ile futi ya kupimia nguo ikiruka shingoni, mkononi kashika chochote alichokuwa amekitayarisha. Kisha alikimbia sambamba na gari.

"Mulembe!" alipaza sauti.

"Mulembe, Dada! Habari ya hapa?"

"Nzuri! Mtoto amekuwa mkubwa! Shika! Shika!"

Ndizi ziliingia dirishani. Mkate na sukari vilitoka dirishani. Baba alikanyaga mafuta, nami niligeuka nyuma nikapiga magoti kwenye kiti, nikamwona Senge akibaki katikati ya barabara, ameukumbatia ule mkate, akizidi kuwa mdogo. Safari moja alitupa kuku hai. Kuku alitua mapajani mwa Mama, naye Mama, aliyekuwa amevaa gauni la kanisani, hakusema neno mpaka tulipofika Chwele.

Utotoni mtu haoni ajabu katika jambo analoona wakubwa wakilifanya. Niliamini kuna sheria. Nilijua tayari kwamba kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani njiani. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu mzee mzima, amevaa tai, akijitosa shambani mwa watu kati ya mahindi kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anakuja. Basi nikaona hii nayo ni sheria ya ukoo wa namna hiyo: mtu na dada yake mkubwa wanaruhusiwa kusalimiana, ila lazima magurudumu yawe yanazunguka. Nilimweleza hivyo rafiki yangu wa dawati moja, ambaye watu wake walinunua na kuuza mahindi Moi's Bridge. Alinisikiliza kwa makini, kisha akaniuliza, "Na kama huyo dada ana baiskeli?"

Swali hilo lilinisumbua muhula mzima. Mwishowe nilimpelekea Mama, aliyekuwa akisahihisha vitabu mezani. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Hakuna sheria kama hiyo," alisema. "Ni gari. Gari ikisimama inazima. Baba yako akitoa mguu kwenye mafuta tu, imekufa. Ndiyo maana hasimami."

Jibu lilikuwa wazi, nami ningelikubali kama nisingekuwa mtoto wa kuchungulia. Safari iliyofuata sikutazama nje. Nilijiegemeza katikati ya viti vya mbele, nikaitazama miguu ya Baba. Na kweli, Mama hakunidanganya. Tulipofika Kamukuywa, ambapo ilibidi kungoja malori ya mahindi yapite, Baba alivuta breki ya mkono ili mguu wake wa kulia ubaki palepale kwenye mafuta, na gari likanguruma kwa hasira mahali pamoja mpaka njia ikawa wazi. Halikuzima. Nikaliweka hilo akilini. Tulipofika Kimilili, Mama alitaka nyanya. Baba alisimama, injini ikatetemeka, ikakohoa, ikazima. Mama alinunua nyanya zake. Vijana wa sokoni walitusukuma, gari likawaka, tukaenda. Nalo nikaliweka akilini.

"Mama," nikasema, "kumbe inaweza kusimama. Akivuta ile breki haizimi. Na hata ikizima, si inasukumwa? Kwa nini tusimame kwa nyanya na tusisimame kwa Senge?"

Baba alitazama mbele. Niliona sikio lake likisogea kidogo, kama la mtu anayeuma meno.

"Funga dirisha," Mama akaniambia, "vumbi inaingia."

Hapakuwa na vumbi. Ilikuwa imenyesha usiku kucha, na barabara nzima ilikuwa matope.

Basi nikaanza kuwaza upya. Kama si sheria, na si gari, ni nini? Nilifikiri labda Senge ana ugonjwa wa kuambukiza, lakini ndizi zake tulikula. Nilifikiri labda Baba anamwogopa. Hilo lilinipendeza, kwa maana sikuwahi kumwona Baba akiogopa kitu, na nilitamani sana kujua kinafananaje.

Ikaja Agosti ya mwaka wa tohara. Barabara za Bungoma mwezi huo haziwi za magari. Binamu yangu mmoja alikuwa anaingia jandoni, na Kuka alikuwa ametuma habari kwamba anatutaka sisi sote mapema. Tulitoka Kitale asubuhi. Baba alikuwa mchangamfu, akipiga mluzi, mpaka tulipoiacha Kimilili. Hapo mluzi ulikatika kama kawaida, akaanza kushusha kioo.

Kabla hajapiga honi, watu walimiminika barabarani kutoka kijia cha kando. Mbele yao alikuwa kijana kifua wazi, mwili umepakwa unga, akizigonga kengele zake za chuma mikononi, na nyuma yake wanaume na wanawake waliobeba matawi, wakiimba na kuruka. Walituzunguka pande zote. Baba alivuta breki ya mkono na kuendelea kukanyaga mafuta, akitabasamu na kuwapungia, lakini mama mmoja mnene alilala juu ya boneti akaipiga kwa viganja viwili huku akiimba usoni mwetu, na Baba akashtuka. Mguu ukatoka.

Kwa kelele zile hakuna aliyesikia injini ikifa. Tuliihisi tu kwenye viti, jinsi vilivyotulia ghafla. Msafara ulipita, kengele zikaenda zikififia kuelekea mtoni. Baba alizungusha ufunguo. Gari lilikoroma, likakoroma, halikushika. Akajaribu tena, na sauti ikatoka ya kuchoka.

Tulikuwa hatua chache tu kutoka langoni kwa Senge, naye alikuwa amesimama hapo, mkungu mdogo wa ndizi mkononi, tayari kukimbia. Alitazama gari. Alingoja kidogo, kama mtu asiyeamini. Halafu akaziweka ndizi chini na kuja akitembea. Nilikuwa nimesahau kwamba Senge hutembea pia. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, na uso wake, ulipotulia dirishani, ulikuwa uso wa Baba kabisa, isipokuwa nywele.

"Mulembe," alisema.

"Mulembe, Dada. Ni gari tu. Dakika kidogo itawaka."

"Gali itawaka ikiwa ndani. Hapa barabarani mtagongwa, bana."

Senge alisema "gali". Mpaka leo nikimsikia mtu akisema hivyo, hata katikati ya Nairobi, huhisi kuna mtu ananikaribisha nyumbani. Aliwaita vijana waliokuwa wamebaki nyuma ya msafara, akaenda kulifungua lango. Upande mmoja ulifunguka vizuri. Ule wa pili, ambao hufunguliwa kwa ajili ya gari, ulikuwa umeshikwa na majani chini, ikabidi auinue kwa bega.

Tulisukumwa mpaka mbele ya baraza. Wale vijana waliondoka. Baba alishuka, akafungua boneti haraka, kama mtu aliyefurahi kupata mahali pa kuficha uso.

"Ni hii throto, mlango wa hewa," alisema kutoka chini ya boneti. "Imejaa uchafu."

"Si fundi alikuambia ni kusafisha tu?" Mama alisema. Nadhani alikuwa amechoka, sidhani alikusudia. "Kazi ya asubuhi moja. Alikuambia tangu Krismasi."

Senge alimgeukia Baba taratibu. "Ati asubuhi moja?"

Baba alitafuta kitu kwenye sanduku la spana, akakitafuta kwa kelele nyingi. Nikaona nafasi imepatikana. Nilikuwa na swali langu tayari, nimelibeba tangu wakati wa zile nyanya.

"Senge," nikauliza, "kwa nini Baba anakuogopa?"

Mama alinishika bega. Senge hakukasirika. Aliniangalia kana kwamba nimemletea kitu alichokuwa amekitafuta nyumba nzima.

"Muulize yeye, mwanangu," alisema. "Hata mimi nangoja kusikia."

"Tunaitoa," Baba akasema. "Sasa hivi. Tunaisafisha hapa hapa."

Ndivyo nilivyoona kwa mara ya kwanza tumbo la gari likifunguliwa, na kwa muda nikasahau swali langu mwenyewe. Baba alitoa kwanza waya wa betri. Akalegeza klipu na kuliondoa bomba nene la mpira linaloleta hewa. Nyuma yake kulikuwa na kichuma cheupe kama sufuria, kimefungwa kwenye injini, kimezungukwa na vijibomba na soketi za waya. Hapo mikono yake ikasita. Fundi alikuwa amemwonyesha, lakini kuonyeshwa si kufanya.

"Zinafanana zote," alisema. "Nikizitoa nitajuaje ya wapi ni ya wapi?"

Senge alipanda barazani, akashuka na vibunda vya nyuzi za cherehani. Alikata uzi mwekundu, akafunga kipande kwenye kijibomba na kipande kingine pale kilipotoka. Kijani kwa kijani. Manjano kwa manjano. "Ndivyo ninavyofanya na mikono ya makoti," alisema. "La sivyo utampa mtu wa kushoto upande wa kulia." Maji ya rangi, yale ya kupoza injini, yalidondoka kutoka vijibomba viwili, akaviziba kwa vijiti. Skrubu na nati alizipokea katika mkebe wake wa vifungo. Baba alinasua ule waya unaotoka kwenye kanyagio la mafuta, akafungua nati za mwisho, akagongagonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, na ile throto ikatoka, ikabaki mkononi mwake.

Alinipa niishike. Ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana, na ndani ya tundu lake palikuwa na kisahani cha shaba kimesimama kwenye mhimili mwembamba. Ukivuta kitu kama sikio upande wa nje, kisahani kilijigeuza na tundu likafunguka. Ukiachia, kikajifunga, tak.

"Kinaitwa kipepeo," Baba alisema.

Nilikifungua na kukifunga mara nyingi sana. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba ndani ya magari kuna vipepeo. Lakini hiki kilikuwa na uchafu mweusi, laini, wa kunata, umejikusanya ukingoni pale kilipokutana na tundu, mweusi kuliko sufuria ya kwa Kuka.

"Unatoka wapi?" niliuliza.

"Kwa injini yenyewe. Injini ikipumua, moshi wa oili unarudi nyuma unaganda hapa." Baba alikuwa na raha kunieleza, sauti yake ya ofisini, ya kueleza watu mabomba, ilikuwa imerudi. "Sasa angalia. Ukikanyaga mafuta, kipepeo kinafunguka, hewa inaingia nyingi. Ukiachia, kinafunga. Lakini hakitakiwi kufunga kabisa. Lazima hewa kidogo sana ipite, hapa pembeni na hapa kwa hili tundu dogo, ndiyo injini ibaki hai ikiwa imepumzika. Uchafu ukiziba hapo, gari inakimbia vizuri tu. Ni kutulia ndiyo haiwezi."

Senge, aliyekuwa amechuchumaa upande wa pili, aliinua macho akamtazama. Alikwenda kuleta sufuria iliyong'oka mpini na ule mswaki mgumu anaosafishia cherehani, Baba akatoa kwenye buti chupa ya soda yenye petroli, na Mama akasema yeye anaenda jikoni kuweka chai. Niliona baadaye kwamba Mama alijua kuondoka.

"Wewe shikilia kipepeo kisifunge," Baba aliniambia. "Weka kidole gumba hapo. Usiachie."

Kwa hivyo nilikaa katikati yao, kidole gumba kwenye chuma baridi, petroli ikinichoma mahali nilipojikata na kayaba. Baba alimwagilia, Senge alisugua. Uchafu uliteremka kama chai ya rangi iliyochemshwa mno, na ile harufu ikapanda.

"Nilidhani unaogopa nitakuomba kitu," Senge alisema, bila kuacha kusugua. "Watu huogopa mjane. Wakimwona mbali wanashika mfuko."

"Dada. Hapana."

"Sasa ni nini? Mwaka mzima na zaidi. Unanirushia mkate kama mtu wa jela."

Baba alimwaga petroli nyingine. Ilipita kiasi, ikanilowesha mkono.

"Nilichelewa," alisema.

Nilidhani anazungumzia kwa Kuka, na nikamwonea huruma. "Kuka hatakasirika, Baba," nikamwambia. "Tutamwambia gari ilizima."

Wote wawili walinitazama kana kwamba wamekumbuka tu sasa kwamba kile kidole gumba kina mwenyewe. Nilingoja wanifukuze. Hawakuweza, nilikuwa nimeshika kipepeo.

"Si kwa Kuka," Senge aliniambia, taratibu. "Unamkumbuka mzee wangu?"

Nilimkumbuka. Alikuwa mrefu na alikuwa na redio. Nilijua alikufa, watu walipoenda kumzika mimi niliachwa Kitale kwa nyanya yangu, nikiwa na surua, na waliporudi hakuna aliyenieleza zaidi ya kwamba alishikwa na kifua.

"Alishikwa asubuhi," Senge aliendelea, akinieleza mimi lakini akitazama mswaki. "Hapa hatukuwa na gali. Nikaazima simu ya jirani nikampigia baba yako aje atupeleke Bungoma, hospitali. Akasema anakuja."

"Nilitoka hapo hapo," Baba alisema. Naye alikuwa ananiambia mimi. Nafikiri ilikuwa rahisi hivyo, kila mmoja akiniambia mimi. "Hata viatu sikufunga. Gari ikazima Kamukuywa. Haikuwa imewahi kuzima. Ikawaka, ikazima. Watu wakanisukuma. Nilipofika hapa nikaambiwa majirani wamemchukua na pikapu ya maziwa. Nikawafuata." Aliweka chupa chini. "Nikawakuta njiani. Wanarudi."

Kuku walikuwa wakichakura chini ya cherehani. Nilitaka kuuliza kwa nini walikuwa wanarudi, kama hospitali ilikuwa imefungwa, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka nilipoelewa.

Senge aliuchovya mswaki. "Ulichelewa," alimwambia Baba, na sasa alimwambia yeye. "Siwezi kukwambia hukuchelewa. Na nilikasirika, Wafula. Nilikasirika mpaka nikaharibu kitambaa cha watu, nikakata shati moja mikono mitatu. Halafu ile hasira ikaisha, sijui hata ilienda wapi. Nikabaki nakungoja tu. Nikasema, atakuja akae, nimwone vizuri. Na wewe unapita. Nasikia honi natoka, unapita. Nikafikiri ni wewe uliyenikasirikia."

"Mimi? Kwa nini nikukasirikie?"

"Ningejuaje? Si ulikuwa hausimami?"

Baba alimpokea mswaki mkononi. Akaanza kusugua yeye, mahali ambapo tayari palikuwa panang'aa, na akasugua kwa muda mrefu, ameinama sana, mpaka Senge aliponiambia kwa upole kwamba naweza kuachia.

Miaka mingi baadaye, Baba akiwa amestaafu, nilimwuliza Mama kama alijua. Alikuwa anachambua maharagwe. Alisema, "Kila kitu kingine cha ile gari baba yako alitengeneza. Taa, mlango, hata redio ambayo haikuwahi kuimba. Wewe ulifikiri hiyo throto moja ndiyo ilimshinda?" Kwa miaka yote hiyo ndivyo nilivyofikiri.

Siku ile hatukuwa tumemaliza. Gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya throto na injini ili hewa isivuje, ilikuwa imechanika vipande wakati wa kutoa. Baba alivishika vile vipande mkononi, akasema sasa hapo mpaka Bungoma mjini, kutafuta dukani. Senge alimwambia aache utani. Alileta boksi la viatu, akalikata, akaliweka juu ya uso wa ile throto, akapaka kidole mafuta ya cherehani na kukipitisha kote ukingoni, akikandamiza. Alipoinua karatasi, umbo lote lilikuwa limejichora: tundu kubwa katikati, matundu madogo pembeni. Akalifuata kwa mkasi wake wa kazi, ule ambao hakuna mtu aliyeruhusiwa kuugusa, ulimi ukiwa nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Baba alishika taa ya mkononi ijapokuwa ilikuwa mchana. Gasketi iliingia kama kifungo kwenye tundu lake.

Tukarudisha kila kitu. Nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani. Mimi nilisoma rangi, Senge alinipa nati kutoka kwenye mkebe, Baba alikaza. Mkebe ulibaki na nati moja isiyojulikana ya wapi, tukaikagua sote, mpaka Senge akaitambua kuwa ni ya cherehani.

Baba alizungusha ufunguo. Gari lilikoroma, likashika, na papo hapo likanguruma kwa sauti ya juu ya kutisha, moshi mweupe ukatanda ua mzima, kuku wakaruka juu ya kayaba. Mama alitoka jikoni mbio na kijiko mkononi. "Zima! Zima!" alipiga kelele. Baba hakuzima. Alikuwa ameinua mkono kama mtu anayesikiliza. Polepole mngurumo ulianza kushuka. Ukashuka, ukashuka, moshi ukapungua, na injini ikatulia kwenye sauti ndogo, sawasawa, ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwenye gari letu.

Baba aliuinua mguu. Kisha akashuka garini kabisa, akasimama nje, mikono miwili chini, gari likiendelea kunguruma peke yake. Tulisimama sote tukilitazama. Lilikuwa gari dogo tu lenye rangi mbaya, limesimama.

"Haya," Mama alisema baadaye. "Kuka anangoja. Chai iko tayari, lakini Kuka anangoja."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ya kumwachia mtu nafasi ya kwenda upande wowote. Senge alikuwa akipangusa mkasi wake kwa pindo la leso. Hakumtazama mtu yeyote. Alikwenda kuziokota zile ndizi pale langoni, akarudi nazo, akazisimamisha kando ya mlango wa gari, tayari.

Baba alizitazama zile ndizi. Akaingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo, gari likanyamaza.

"Nionyeshe pale alipo," alimwambia dada yake. "Siku ya mazishi nilisimama nyuma. Sikuona vizuri."

Walizunguka nyumba pamoja, naye Senge alitangulia. Hakuna aliyeniambia nibaki, kwa hivyo nilifuata, mikono yangu bado inanuka. Nilikuwa nimetarajia majani na miiba, kama makaburi ya kanisani Kitale. Palikuwa pamefagiliwa. Udongo ulikuwa umejengwa vizuri, na pembeni Senge alikuwa amepanda maua mekundu ambayo sikujua jina lake. Baba alivua kofia. Alisimama na mikono yake myeusi mbele, hajui pa kuiweka.

Senge aliliinamia kaburi kidogo, akasema kwa sauti ileile ambayo mtu humwitia jirani ng'ambo ya ua:

"Wafula amekuja. Amechelewa, lakini amefika."

Upepo ulipita kwenye migomba. Nilitulia tuli kusikiliza kama kuna mtu atajibu, na nilipomtazama Baba, niliona naye pia anasikiliza.